Fyuzi inayoungua kila Jumapili: shoti ya taa za gari ni nini na inasakwa vipi

Jirani yangu hapa Mamboleo, Kisumu, ana Toyota Probox ambayo kwa karibu miezi miwili ilikuwa inaunguza fyuzi ya taa za nyuma, na sio kila siku, ni Jumapili. Jumatatu mpaka Jumamosi gari iko sawa, Jumapili alfajiri fyuzi imeenda. Stegi nzima ilikuwa na maoni. Mmoja anasema fyuzi za siku hizi ni feki, mwingine anasema ni ile betri mpya imezidi gari nguvu, jamaa wa boda akamwambia weka fyuzi ya 30 umalize hiyo stori, na mama wa chapati akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu hafurahii biashara yake ya vitunguu.

Mafundi wawili walikuwa wameshapita. Wa kwanza akabadilisha balbu zote. Wa pili akabadilisha swichi ya taa, akachukua pesa yake, na Jumapili iliyofuata fyuzi ikaungua tu kama kawaida. Nikaona wacha niandike hii kitu polepole, kwa sababu si yeye peke yake, watu wengi sana wanatumia neno shoti bila kujua linamaanisha nini, na usipojua unachosaka utabadilisha gari nzima kipande kwa kipande.

Tuanzie mbali kidogo. Betri ya gari ndogo ni volti 12, ina vichwa viwili, plasi na negetivu. Ile negetivu imefungwa na bolti kwenye bodi ya gari, yaani mabati yote unayoyaona, milango, chesisi, boneti, yote ni kama upande mmoja wa betri. Ndo maana taa haihitaji waya mbili ndefu kutoka mbele. Inaletewa waya moja ya moto, umeme unapita ndani ya balbu, halafu unarudi nyumbani kupitia bodi. Hiyo njia ya kurudi ndo mafundi wanaita erthi. Ni kama mtu ambaye kwenda soko la Kibuye lazima afuate barabara moja lakini kurudi anaweza kukatisha popote uwanjani.

Sasa ndani ya balbu kuna kawaya kembamba sana, na huo wembamba ndo kazi yenyewe, unaufanya umeme upite kwa shida mpaka kawaya kanawaka. Balbu ndogo ya nyuma ni wati 5, inakula kama ampea 0.4 tu, ampea ni kipimo cha wingi wa umeme unaopita. Ile ya breki ni wati 21, kama ampea 1.75. Vitu vidogo. Shoti inatokea pale ambapo waya ya moto imechubuka na kugusa bodi kabla haijafika kwa balbu. Umeme umepata njia ya panya, hakuna balbu ya kuuchelewesha, na unaingia wote kwa mpigo. Kama njia nzima ya hizo waya ina ukinzani, yaani ule ubanaji wa umeme, wa omu 0.1 tu, volti 12 gawanya kwa 0.1 ni ampea 120. Kutoka 0.4 mpaka 120! Fikiria ploti yenye tanki juu, mfereji unatoa maji kidogo kidogo, halafu bomba linapasuka kabla ya kufika kwa mfereji. Maji ni yale yale na tanki ni lile lile, kilichobadilika ni kwamba hakuna kitu cha kuyabana.

Fyuzi ni nini basi? Ni kipande cha njia kilichotengenezwa kuwa dhaifu makusudi, ili kikate kabla waya haijapata joto. Nambari iliyoandikwa juu yake ni ampea, na zile za miguu miwili bapa zina rangi zinazoeleweka karibu kila mahali: 10 ni nyekundu, 15 ni bluu, 20 ni njano, 30 ni kijani, 7.5 ni kahawia. Fyuzi ya 10 haikatiki pale tu umeme unapofika 10 na nukta, ukipita kidogo inavumilia dakika kadhaa, ukipita mara mbili inaenda ndani ya sekunde chache, na ukija ule wa shoti inapasuka hata hujaondoa mkono kwa swichi.

Na hapo kuna siri ndogo ambayo watu hawaitumii: iangalie maiti. Fyuzi iliyokufa kwa shoti mara nyingi kale kamkanda ndani kamelipuka na dirisha la plastiki limebaki na moshi mweusi au madoa ya rangi ya fedha. Iliyokufa kwa kubebeshwa mzigo mkubwa, mkanda unakuwa umeyeyuka tu katikati kiustaarabu. Na kama plastiki yenyewe ya mguuni imeyeyuka lakini mkanda ni mzima, hapo shida ni fyuzi kukaa legelege kwenye soketi yake, inapata joto pale inapogusana.

Kwa nini nasisitiza hii? Kwa sababu huku kwetu kila ugonjwa wa umeme unaitwa shoti. Taa haiwaki, ni shoti. Nyumba imeungua, ni shoti. Lakini waya ikikatika katikati fyuzi haiungui, taa inazima tu, hakuna umeme unaopita popote. Erthi ikiwa mbovu pia fyuzi haiungui, hapo ndo unaona vituko, unawasha indiketa na taa ya nyuma inacheza nayo, au ukikanyaga breki taa zinafifia badala ya kung'aa. Halafu kuna mzigo: mtu ameongeza taa za mapambo, ameunganisha kwa waya ya taa za nyuma, fyuzi inavumilia dakika kumi halafu inakata. Hizo ni shida nne tofauti. Ukimwambia fundi "iko shoti" na kumbe ni erthi, atakusakia shoti mpaka jioni.

Sasa turudi kwa jamaa wa boda na fyuzi yake ya 30. Hii ndo imani inayonikera kuliko zote kwa sababu inaonekana kufanya kazi. Unaweka 30, taa zinawaka, unaenda. Lakini waya za taa za nyuma ni nyembamba, aliyetengeneza gari alizipima zikae nyuma ya fyuzi ya 10 au 15. Ukiweka 30 shoti haijaondoka, umeambia tu mlinzi alale. Ampea 30 kwa volti 12 ni wati 360, hiyo ni kama theluthi ya pasi ya nyumbani, na unaipitisha kwa waya iliyo chini ya kapeti, imefungwa bunda moja na waya zingine kumi. Plastiki ya waya inalainika, inashikana na jirani zake, na sasa badala ya shoti moja una sita. Wale wa karatasi ya fedha ya sigara au kipande cha msumari ndo kabisa, hao wameondoa hata mlinzi, waya yenyewe ndo imekuwa fyuzi. Wanaosema dawa ya moto ni moto hawakuwa wanaongelea gari.

Imani zingine tuzipitie haraka. Betri kubwa haisukumi umeme zaidi, volti ni 12 zile zile, tanki kubwa haliwezi kulazimisha maji kwa mfereji uliofungwa. Fyuzi feki zipo, ndio, lakini feki hatari zaidi ni ile inayokataa kukata, na fyuzi nzuri tano zikikufia mfululizo hizo hazina makosa, zinakuambia kitu. Balbu iliyoungua kwa kawaida inakata njia tu na fyuzi inabaki nzima, mara chache sana ndo kale kawaya kakikatika kanaangukia vibaya na kuunguza fyuzi, na hata hivyo ni mara moja, sio kila wiki. Balbu isiyo yake hiyo ni kweli inasumbua: ukiweka ya kawaya kamoja kwenye holda ya nyuzi mbili, ile ya breki na taa ya usiku pamoja, inaunganisha njia mbili ambazo hazikufaa kukutana. Na kuhusu mama wa chapati, tutafika.

Kabla ya kufungua chochote, jua fyuzi moja inalisha nini. Kwenye Toyota nyingi utaona imeandikwa TAIL kwa kifuniko cha boksi, ingawa magari yetu mengi yametoka Japani na kifuniko kimejaa maandishi ya Kijapani, hapo unatoa fyuzi moja moja na kuangalia kipi kimezima. Mara nyingi hiyo fyuzi inabeba taa ndogo za nyuma, zile ndogo za mbele, taa ya nambari pleti, na mwanga wa dashibodi. Breki huwa zina fyuzi yake, ndo maana jirani yangu alikuwa na breki zinazowaka huku nyuma ni giza, na hakujua mpaka amefika Chemelil ndo dereva wa nyuma anampigia fulu. Barabara hiyo ya Miwani mpaka Muhoroni usiku ina trekta za miwa ambazo zenyewe hazina taa wala rifleka, sasa na wewe ukiwa giza mnakutana vipofu wawili.

Ukishajua inalisha nini, swali linalofuata halihitaji kifaa chochote na ndo mafundi wetu wengi hawaulizi: inaungua lini? Ukiwasha tu? Ukikanyaga breki? Ukipita matuta? Mvua ikinyesha? Fyuzi inayosubiri mpaka uwashe taa inakuambia shoti iko mbele ya swichi kuelekea kwa balbu. Inayoungua ukiwa umezima, iko upande wa kabla ya swichi. Inayoungua kwa matuta, kuna waya inayoning'inia na kugusa. Inayoungua baada ya mvua, angalia holda za nyuma na soketi ya trela kama ipo, maji na kutu vinapenda hapo. Nilipomuuliza jirani akajibu "Jumapili", tukacheka wote, lakini kumbe jibu lilikuwa ndani ya hiyo Jumapili na sikulisikia siku hiyo.

Kiboko ya shoti ni balbu. Sio mashine ya bei, balbu ya taa kubwa ya mbele, ile ya wati 55 au 60, hata iliyoungua upande mmoja inafaa mradi upande mwingine unawaka. Chukua ile fyuzi iliyokufa, usiitupe, ivunje plastiki, ulehemu waya mbili kwa miguu yake, moja kila mguu, na hizo waya uzipeleke kwa balbu. Sasa una fyuzi ya mkia mrefu yenye taa. Toa fyuzi mbovu, chomeka hiyo mahali pake, washa taa.

Kinachotokea ndo uzuri wake. Kama kuna shoti, hiyo balbu inawaka kwa nguvu zake zote, kwa sababu yeye ndo kizuizi pekee kilichobaki njiani, na haiwezi kupitisha zaidi ya ampea 5 hivi, kwa hivyo waya za gari haziumii hata ukiiacha muda unasaka. Hakuna shoti, inafifia au haiwaki kabisa. Unaacha kuunguza fyuzi moja kwa kila jaribio, na badala ya mlio wa "tap" unaokuacha gizani, una kitu kinachokutazama na kukujibu kila ukigusa waya. Angalizo tu, inapata joto kali, usiilaze kwa kiti wala kwa kapeti, ining'inize.

Kuna mtego hapa. Balbu za gari zikiwa bado ziko ndani, umeme unapita kwazo kihalali, na balbu yako ya kusakia itawaka kiasi. Ukitumia ndogo ya wati 21 itawaka karibu sana na shoti na utajidanganya. Kwa hivyo tumia kubwa, na toa balbu zote za njia hiyo kwanza. Ukishazitoa, taa ya kusakia ikibaki kali, shoti iko kwa waya au kwa holda. Ikizima ulipotoa balbu fulani, umemshika bila jasho, ni hiyo balbu au holda yake. Wenye multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, pia wanakutana na mtego huo huo: wanapima omu kutoka kwa fyuzi mpaka bodi, wanaona karibu sufuri, wanapiga kelele shoti! Kumbe wanapima balbu baridi. Ile ya wati 21 ikiwaka ina kama omu 7, lakini ikiwa baridi haifiki hata omu moja. Toa balbu, toa na negetivu ya betri, ndo upime.

Baada ya hapo ni kazi ya kugawanya. Kwenye ploti yenye nyumba nane na mita inazunguka usiku watu wamelala, huchimbi bomba lote, unafunga valvu ya nyumba nne, ukiona mita imesimama unajua ni upande huo, unafungua mbili, unaangalia tena. Kwa gari valvu ni konekta, zile plastiki zinazounganisha bunda la waya na bunda lingine. Chomoa ya nyuma kwanza, inayoelekea kwa buti. Balbu ya kusakia imezima? Shoti iko nyuma. Bado kali? Iko mbele au kwa dashi, rudisha hiyo, chomoa nyingine. Na ukiona waya au konekta ya njano chini ya dashi achana nayo, hizo huwa ni za mifuko ya hewa ya ajali, sio za kucheza nazo.

Uzoefu unaonyesha sehemu chache ndo zinarudi tena na tena: bawaba ya mlango wa nyuma, nyuma ya taa pale waya inapita kwenye tundu la bati ambalo limepoteza mpira wake, soketi ya trela, na redio iliyowekwa na mtu wa haraka, ambaye ameacha ile waya ya mwanga wa redio uchi nyuma ya dashi. Panya pia, gari likikaa.

Basi Jumamosi jioni tukatoa balbu zote za Probox, tukachomeka fyuzi ya mkia, tukawasha. Giza. Hakuna shoti. Nikatikisa waya za mbele, giza. Nikapiga bampa, nikavuta waya ya redio, giza. Mzee ananiangalia kama vile na mimi nimekuja kula pesa. Akaniambia "Fundi, si nilikuambia leo ni Jumamosi?" Na hapo ndo nikamuuliza swali ambalo ningeuliza mwanzo, Jumapili huwa unafanya nini ambacho siku zingine hufanyi.

Jumapili ndo siku kubwa ya soko Kibuye. Anatoka saa kumi alfajiri, bado giza, anapakia vitunguu vya kupeleka Muhoroni, na wakati wa kupakia anaacha taa ndogo zikiwaka ili mikokoteni isimgonge. Siku zingine anapakia mchana, taa zimezimwa. Kwa maneno mengine, Jumapili peke yake ndo siku ambayo mlango wa nyuma unafunguliwa taa zikiwa zinawaka.

Nikainua mlango wa nyuma polepole. Nusu ya njia balbu ikalipuka mwanga, mpaka mzee akarudi nyuma. Nikaufikisha juu kabisa, ikazima. Nikaushusha, pale pale katikati ikawaka tena. Tukavuta kile kimpira kama koromeo kinachobeba waya kutoka kwa bodi kwenda kwa mlango, na ndani waya ya taa ya nambari pleti ilikuwa imepasuka ngozi kwa kukunjwa miaka yote hiyo, shaba iko nje, inagusa ukingo wa bati mlango ukifika nusu tu. Waya ya taa moja ndogo ya wati 5, na ndo imeuza balbu zote na swichi.

Kutengeneza usitumie tepu peke yake hapo, mahali panapokunjwa kila siku tepu inaachia kwa joto na unarudi mwanzo. Tulitoa negetivu ya betri, tukakata kile kipande chote kilichochoka, tukaweka waya mpya yenye unene ule ule na ndefu kidogo ili isivutike, tukalehemu maungio yakae mbali na mahali pa kukunjwa, moja ndani ya bodi na moja ndani ya mlango, tukayavisha mipira inayobana ukiipasha moto. Na tukakagua jirani zake ndani ya koromeo, mbili zilikuwa zimeanza kupasuka pia, tukazibadilisha hizo hizo. Halafu balbu zote zikarudi, fyuzi ya 10 nyekundu ikarudi, mlango ukafunguliwa na kufungwa mara thelathini taa zikiwaka.

Jumapili akaniletea vitunguu kilo mbili na akasema mama wa chapati bado ana wasiwasi, anasema huyo mtu amehamia tu kwa gari lingine. Ile balbu ya kusakia alikataa kunirudishia, iko kwa buti imefungwa na kitambaa. Juzi alinipigia kuuliza kama inaweza kusaka shoti ya honi ya gari ya shemeji yake. Nikamwambia inaweza, lakini kwanza amuulize shemeji inaungua lini.